Nani Alimfundisha Ghorofa Kuzuia

Mke mwenzangu ni wa duara, ana rangi ya chungwa, na ukimpiga chini anaruka. Nilimkuta ndani ya ndoa yangu na nadhani nitamwacha humo humo. Siku chache tu baada ya harusi, bwana harusi aliniaga kwamba anatoka kununua sabuni. Alirudi jioni amelowa jasho, magoti yana vumbi, meno yote nje, na sabuni hana. Nikamuuliza sabuni iko wapi. Akaniuliza, "Sabuni gani?" Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeolewa mitala.

Mume wangu ni fundi wa dari. Kazi yake ni kufunga zile bodi nyeupe za jipsamu juu ya vichwa vya watu, na Mungu alimuumba kwa kazi hiyo hasa, maana kwenye chumba cha kawaida anafika juu kwa kunyoosha mkono tu. Mtaa mzima unamwita Ngazi. Nilimjua alipokuja kuziba dari la chumba changu cha cherehani, lililokuwa limevuja mvua. Aliinua bodi nzima peke yake, akasimama chini yake mikono imenyooka, ametulia tuli, akaniomba nimpe skrubu. Nilimpa skrubu, na mengine yakafuata.

Uwanjani, kwenye mpira wa kikapu, anacheza senta, yule mrefu wa chini ya kikapu. Lakini usimtarajie afunge. Yeye ni wa kuzuia. Na katika mchezo huo anayefunga hushangiliwa na mji mzima, ila anayezuia hujulikana na wenzake wawili watatu na mkewe anayemkanda magoti. Elimu yake yote ya ulinzi naijua kwa moyo, kwa sababu nimeisikia mezani, njiani, na mara nyingine mtu akiwa usingizini: "Anayeruka kwanza ameshadanganywa. Kunja magoti, miguu chini, mikono juu, muache mwenzako ahangaike mwenyewe." Akiona kijana mrefu amesimama wima kama mlingoti, humwambia, "Cha mvunguni sharti uiname, bwana mdogo." Yeye mwenyewe, kwa urefu ule, cha mvunguni huwa ananituma mimi.

Jambo moja lilikuwa likinikera tangu zamani. Mume huyu hakuwa na wivu. Wanawake wenzangu wanalalamika waume zao wanawapekua simu, wanawauliza walikuwa wapi na walicheka na nani. Mimi hata kuulizwa siulizwi. Siku moja mteja wangu mmoja, bwana mtanashati aliyekuja kupunguza suruali, alinitongoza waziwazi. Aliniambia vidole vyangu havifai kuchomwa na sindano, vinafaa kuvishwa dhahabu. Mume wangu alikuwa hapo hapo, kakaa kwenye benchi. Alinyanyua kichwa, akasema, "Samahani kaka, huo utepe wa kupimia unaukalia. Nipitishie." Akapewa utepe, akaenda kupimia ubao wa kikapu. Nilikasirika wiki nzima na hakujua kwa nini.

Basi nikajisemea, wengine wamezaliwa bila kidole, huyu kazaliwa bila wivu. Hayo niliyasema kabla mdogo wangu hajaja.

Mdogo wangu ni kitinda mimba wa mama yetu. Mama alinipigia simu akasema mtoto amemaliza shule, hana kazi, amekuwa mrefu mpaka anamtisha, nimtafutie cha kufanya. Nilikuwa sijamwona muda mrefu. Alipofika mlangoni niliona kifua na shingo, kichwa kikiwa bado kiko nje. Aliinama akaingia, akasema, "Shikamoo, dada. Shikamoo, shemeji." Mume wangu alisimama kumpokea. Nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona nyumbani kwangu: mume wangu akiangalia juu.

"Marahaba," akajibu. Halafu akakaa chini haraka.

Kesho yake akampeleka uwanjani, kwa heshima ya ushemeji. Walirudi saa tofauti. Mdogo wangu alirudi amebebwa na kelele za watoto wa mtaa, kwa sababu alikuwa amepaa na kuuzamisha mpira kikapuni kwa mikono miwili mpaka nguzo ikayumba. Mume wangu alirudi nyuma yao, mkono mfukoni. Jioni ile ile kijana akapata jina. Walimwita Ghorofa. Na watu wa mtaa wetu hawana simile, mmoja akapita dirishani kwetu akapiga kelele, "Ngazi ya nini tena, jamani, na ghorofa tunayo?"

Nilicheka. Mume wangu hakucheka. Alisukuma sahani, akasema, "Hajui kuzuia."

Na kweli hakujua. Kila aliyekuja chini ya kikapu na kuinua mpira kwa uongo, mdogo wangu aliruka kwa ukweli. Akishakuwa hewani, mwenzake anampita chini kwa raha zake, au anajigonga kwake na refa anapuliza filimbi. Faulo tano mchezaji anatoka, hiyo ndiyo sheria, na mdogo wangu alikuwa anazimaliza kama karanga. Lakini alifunga. Lo, alifunga! Na watu hulipenda neno hilo.

Kocha wa timu ya mtaa ni kinyozi, na kibanda chake cha kunyolea kimepakana na chumba changu cha cherehani. Kati yetu kuna ukuta wa mbao, nasikia hata chanuo kikidondoka. Ubishi wa mpira ukipamba moto kule, mteja aliyeko kitini huondoka amenyolewa upande mmoja. Siku hiyo nilikuwa natia vifungo, nikamsikia kocha anamwita mume wangu.

"Ngazi, fainali tunacheza na kiwanda cha saruji. Unajua nani yuko kule."

Alijua, nami nilijua. Kule kuna mtu wanamwita Kreni. Fainali ya mwaka jana, dakika ya mwisho, Kreni alifunga mbele ya uso wa mume wangu, halafu akampapasa kichwani mbele ya watu wote kama unavyompapasa mtoto anayepewa pole. Mwaka mzima mume wangu ameishi na kiganja kile kichwani. Goti lake la kulia lilikuwa limeshaanza kulia ngazini na daktari alikwishamwambia aache. Alinijibu, "Nitaacha nikishamalizana na Kreni." Fainali hiyo ilikuwa yake ya mwisho, na alitaka kitu kimoja tu, aanze yeye, uso kwa uso na mtu yule.

"Goti lako silipendi," kinyozi akaendelea. "Na shemeji yako nampenda, ila hivi alivyo Kreni atamtoa kwa faulo kabla watu hawajapata pa kukaa. Akijifunza kuzuia, anaanza yeye. Asipojifunza, unaanza wewe."

"Hawezi kujifunza," mume wangu akasema upesi. "Kocha, mimi nimewaona wengi. Hawa warefu vijana wote ndivyo walivyo. Tangu utoto anafika kila kitu bila kuhangaika, kwa nini akunje magoti? Kufunga mtu anazaliwa nako. Kuzuia kunakuja na umri, kama mvi. Huwezi kumpandikizia mtu mvi."

"Wewe mvi zako nani alikupandikizia?"

"Nilizeeka nazo."

"Basi mzeeshe na mwenzako," kinyozi akasema. "Ninakukabidhi. Mfundishe."

Hivyo ndivyo fisi alivyopewa bucha alinde. Nilisimamisha cherehani, nikasubiri kusikia atakataa. Akasema, "Sawa, kocha." Na alisema kwa upole ambao haukunifurahisha.

Jioni nilichukua kiti changu na mashati ya kutia vifungo, nikakaa pembeni ya uwanja nisikilize. Mume wangu alikuwa amemshika mdogo wangu bega, jambo ambalo si rahisi kwa yeyote, na anaongea naye kwa sauti tamu kuliko niliyoposwa nayo.

"Shemeji, wewe Mungu amekupa mabawa. Mwenye mabawa hatembei. Ukiona tu mpira umenyanyuka, ruka! Usingoje. Watu wanatoka majumbani kuja kukuona ukipaa."

"Kweli, shemeji?"

"Nikudanganye ili iweje? Mikono yako hiyo ni mapanga. Piga chini, fyeka!"

Nilijichoma sindano kidoleni. Kilemba cha ukoka nimekiona kikivikwa wengi, lakini si na mtu ninayelala naye, na si kichwani kwa mtoto wa mama yangu. Kijana akaruka, akafyeka hewa, akageuka kutuangalia na tabasamu la shukrani. Mume wangu akampigia makofi.

Mechi iliyofuata matunda yakaonekana. Mdogo wangu alipangua mpira mmoja ukaenda mpaka barabarani, watu wakapiga vigelegele. Baada ya hapo kila mpinzani akaijua dawa yake: inua mpira, subiri apae, jigonge. Kabla ya mapumziko alikuwa amemaliza faulo zake zote na kakaa benchi, taulo kichwani, mabega yameshuka. Mume wangu akaingia, goti linamburuta, mikono juu, miguu chini, akaiokoa mechi. Nyumbani usiku ule aliosha vyombo. Mume wangu akiosha vyombo bila kuombwa, mimi huanza kutafuta kilichovunjika.

"Baba watoto," nikamwambia, "mbona unamfundisha mwenzako kinyume?"

"Wewe mpira unaujua?"

"Siujui. Lakini najua ulichoniimbia tangu unioe. Anayeruka kwanza ameshadanganywa. Nani kamdanganya?"

Alikung'uta maji mikononi. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, kwa hasira ambayo sikuwa nimewahi kuiona. "Umemleta ndani, anakula chakula changu, watoto wangu wanamwimba yeye, kocha ananiambia goti, goti. Sasa anataka na Kreni wangu?"

Kreni wangu! Alivyolitamka, ungedhani ni mchumba aliyeahidiwa. Nikaona kumbe mtu huyu kijiba cha roho anacho, tena kikubwa. Nilitaka kumkemea, nikajikuta nimebaki na dishi mkononi, nina hasira ambayo haikuwa yote kwa ajili ya mdogo wangu.

Wiki hiyo msaidizi wake wa kazi alitegua mkono akimhamishia mkwewe kabati. Na mume wangu alikuwa na kazi kubwa mbele yake, zahanati mpya ya mtaa wa pili, vyumba vya wagonjwa vyenye dari la juu kuliko la kawaida. Muuguzi mkuu alikuwa anawakimbiza mafundi wote, na mimi nilikuwa nimepewa kushona mapazia ya hapo hapo. Mtu wa kunyanyua bodi hakuna. Mume wangu akaanza kuhesabu mafundi anaowajua, mmoja mfupi, mmoja mlevi, mmoja kasafiri.

Nikamwambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wetu amekaa miezi, na hajashika chombo ila kijiko."

Wallahi sikuwa nawaza mpira. Nilikuwa nawaza kochi langu, ambalo lilishaanza kupinda katikati. Mume wangu alifikiri, akakubali shingo upande.

Niliwakuta kazini nilipokwenda kupima madirisha. Mdogo wangu alikuwa amesimama juu ya benchi fupi, bodi nzima iko juu ya kichwa chake, ameishika kwa viganja viwili. Mume wangu alikuwa upande wa pili na drili, anapiga kelele mpaka vumbi linadondoka.

"Mikono! Inyooshe! Ukiishusha itapasuka! Magoti kunja, nani kakwambia usimame kama mshumaa? Sogea kushoto. Kidogo kidogo! Usivuke miguu, ukivuka miguu unaanguka nayo! Usiisukume, we kijana, iache ije yenyewe. Usirukeruke! Bodi!"

"Bodi" kwao ni amri. Maana yake kitu kimeyumba, kwa hiyo ganda hapo hapo ulipo, mikono juu, miguu chini, hata kama pua inawasha, mpaka fundi aseme basi. Mdogo wangu akaganda. Jasho likamtiririka mpaka kwapani, bodi haikutikisika. Mume wangu akafunga skrubu zake zote taratibu, akapitisha kiganja kwenye ungio, akasema, "Hivyo. Tena."

Nilisimama na utepe wangu dirishani nikiwaangalia. Mume wangu anaweza kumdanganya mtu kuhusu mpira. Kuhusu dari hawezi. Dari bovu lingemkosesha usingizi mpaka arudi kulibomoa. Kwa hiyo kila siku, chumba baada ya chumba, alimfokea mdogo wangu ukweli mtupu.

Haukupita muda nikamsikia kinyozi kupitia ukutani. "Ngazi, nakuvulia kofia! Kijana harukiruki tena. Jana mazoezini wamemtega mara chungu nzima, kasimama tu, mikono juu, wakakosa wenyewe. Umefanya kazi."

Mume wangu alirudi nyumbani uso umemkunjamana, akaanza kumzunguka mdogo wangu.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kazini na wewe, shemeji."

"Na baada ya kazi?"

"Nililala. Mikono ilikuwa inauma."

"Ulilala, na nani anajua?"

Akawa anamvizia. Akaenda uwanjani asubuhi na mapema kuona kama kuna mtu anamfundisha kisiri. Akamshuku kinyozi, akamshuku mwalimu wa michezo wa shule ya jirani, siku moja akanishuku hata mimi, kwamba nimemfunulia kijana maneno yake ya mezani. Alimuuliza kwa nini anatabasamu akisoma simu. Maswali yote ambayo mimi mkewe nilikuwa nayangoja tangu harusi, aliulizwa mdogo wangu, tena bure. Jibu nilikuwa nalo, lakini nilinyamaza. Nilisema moyoni, mwenye wivu ajinyonge, kamba sikumshonea mimi.

Kinyozi akatangaza: fainali anaanza Ghorofa. Mume wangu alipokea habari hiyo amesimama. Akaja kwangu upande wa pili wa ukuta, akakaa kwenye benchi la wateja, akasugua goti. Nilimwonea huruma, nisidanganye. Mwaka mzima wa kungoja, halafu unakaa benchi kumtazama mwingine.

Siku ya fainali uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukutani. Nilikaa nyuma ya benchi letu na chupa ya maji ya mume wangu. Kreni aliingia, mtu mnene wa mabega, na mchezo wake wote ni hila: anainua mpira, hauachii, anakungoja upae. Alimwinulia mdogo wangu mara ya kwanza. Mdogo wangu hakupaa. Alikunja magoti, akanyoosha mikono. Kreni akarusha kwa kulazimisha, mpira ukagonga chuma. Akajaribu kushoto; mdogo wangu akasogea kidogo kidogo, hakuvuka miguu. Nikamwona mume wangu ameinama mbele, anakodoa, kama mtu aliyeona shati lake limevaliwa na mwingine.

Mchezo ulikwenda bega kwa bega. Sekunde za mwisho tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, mpira uko kwa Kreni, chini ya kikapu. Aliinua kwa uongo. Mdogo wangu akatulia. Akainua tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii nikaona visigino vya mdogo wangu vinanyanyuka. Umati mzima ulikuwa unamlilia apae. "Ruka, Ghorofa! Ruka!"

Na mume wangu akasimama kwa goti lake bovu, akapiga kelele iliyozifunika zote:

"Bodi!"

Visigino vikarudi chini. Mikono ikanyooka. Kreni alikuwa ameshaachia mpira umpite mtu aliyedhani yuko hewani, akakuta viganja viwili vimesimama kama vimefungwa skrubu. Mpira ukagonga viganja, ukadondoka. Filimbi ya mwisho ikalia.

Watu walimwagika uwanjani. Mume wangu hakwenda nao. Alikaa chini polepole, akageuza viganja vyake akavitazama, kimoja, halafu kingine. Nikajua ameshamjua yule mwalimu wa siri.

Walimbeba mdogo wangu, wakamshusha mbele ya benchi. Kinyozi alikuwa anacheka na kulia. "Haya tuambie, Ghorofa, nani kakufundisha hivyo?"

Mdogo wangu ni mtoto mwema. Mama alitulea hivyo, tusiseme uongo mbele ya wakubwa. Akashika mikono yake nyuma, akasema, "Hakuna, kocha. Mikono tu imezoea kazini. Shemeji alijitahidi sana kunifundisha kuruka, kila jioni, lakini nimeshindwa." Akamgeukia mume wangu. "Nisamehe, shemeji. Najua ulitaka niruke."

Hapo ndipo Kreni alipopita kutoa mkono. Alimpa mdogo wangu, halafu akasimama mbele ya mume wangu. Hakumpapasa kichwa. "Mzee," akasema, "mikono hii ya kijana naijua. Ni yako. Mwaka jana ilinitesa mchezo mzima, nikabahatisha mara moja tu mwishoni." Akaenda zake.

Kinyozi akaacha kucheka. Alimtazama Kreni anayeondoka, akamtazama mdogo wangu, mwisho akamtazama mume wangu.

"Ngazi. Ulimwambia aruke?"

"Nilimwambia."

"Wewe? Kwa nini?"

Mdogo wangu bado alikuwa anatabasamu, hajaelewa. Nilidhani mume wangu atasingizia goti, au atasema ulikuwa utani. Alisimama wima, akawa mrefu kama siku ile ya skrubu.

"Wivu," akasema. "Nilimwonea wivu. Ulinikaba mpaka silali, sili chakula, nachunguza yuko wapi na yuko na nani. Sijawahi kuona kitu kama kile maishani mwangu." Akamgeukia mdogo wangu. "Nisamehe wewe. Na huo mguu wako wa kushoto bado unachelewa. Kesho nitakuonyesha, hapa hapa uwanjani."

"Sawa, shemeji," mdogo wangu akasema, na wenzake wakapiga makofi, na kinyozi akamkumbatia mume wangu, na watu wakasema huyo ndiye mwanamume.

Mimi nilibaki nyuma ya benchi na chupa yangu ya maji. Nilimkumbuka mteja wa suruali. Nilikumbuka ule utepe. Sijawahi kuona kitu kama kile maishani mwangu, kasema, na mimi namwamini, kwa sababu nilikuwepo katika hayo maisha. Kumbe wivu anao. Kumbe anaweza kukosa usingizi, kuvizia, kuuliza jana ulikuwa wapi. Miaka yote nilidhani kiungo hicho hana, kumbe ni mimi tu ambaye sijawahi kukigusa. Roho iliniuma, nami sikujua nimwambie nani, maana kila mtu alikuwa anashangilia.

Akaja kwangu akichechemea, uso unang'aa. "Mama watoto, umeiona ile mikono?"

"Nimeiona," nikasema, nikamnyooshea maji.

Mpira ulikuwa umebingirika mpaka miguuni kwangu. Akainama, goti lile lile, akauokota kwanza, akaufuta vumbi kwa kifua chake. Halafu akapokea maji.